Nauli Tulishalipa Mwaka 1502



Naomba barua hii isomwe hapo barazani na dada yangu wa zahanati, tena kwa sauti, maana Mjomba akisoma mwenyewe huruka mistari inayomchoma. Mjomba, ile sauti yako ya WhatsApp niliisikiliza yote, pamoja na zile dakika za mwishoni ulizokuwa unatafuta pa kubonyeza ili izime. Nimeelewa kwamba mwalimu mstaafu ameapa mbele ya watu kuwa Ulaya hakuna bajaji, na wewe ukaapa kuwa zipo na Wazungu wanazipanda. Nimeelewa pia kwamba hamkuwekeana dau, kwa kuwa dau ni haramu. Mmekubaliana tu kwamba atakayeshindwa atawanywesha wenzake kahawa na kashata mpaka mwezi uandame.

Mwalimu aanze kutafuta chenji. Bajaji zipo. Hapa Lisbon zimejaa mpaka manispaa imezifungia baadhi ya mitaa, kwa sababu wenyeji wamechoka nazo. Wanaziita tuk-tuk, kama ndugu zetu wa Mombasa. Na mwalimu akitaka kujitetea kwamba Wazungu wametuiga, hapo itabidi umwache apumue kidogo, Mjomba, kwa sababu ukweli ni kwamba mashine hii ilianzia huku. Piaggio wa Italia ndio waliotoa kigari cha magurudumu matatu mwaka 1948, vita vimeisha na watu hawana hela ya gari. Bajaj wa India wakaja kupewa leseni ya kutengeneza vya kwao, na kutoka kwao vikatufikia sisi. Kwa hiyo bajaji yako yenye maandishi ya "Wivu Hauna Dawa" mgongoni ni mjukuu wa Mtaliano. Usiwaambie madereva, watadai mishahara ya Serie A.

Sasa, ulitaka ushahidi wa mtu aliyepanda, tena spesho, peke yake, si kubananishwa. Nimepanda. Jumapili nilikuwa sina zamu kule dobi, nikavuka mto Tejo kwa kivuko kutoka upande wangu wa Almada, nikatembea hadi uwanja mkubwa unaoitwa Praça do Comércio. Hapo ndipo penye kijiwe.

Ukifika tu unavamiwa. Nilidhani kupiga debe nimekuacha Ubungo. Wapiga debe wa huku hawakushiki mkono, ila wana kadibodi zenye picha za makanisa, wana lugha nne nne, na wanakuanza kwa kukukisia taifa. Mmoja alinisalimia kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiingereza cha sinema za Marekani. Niliyemchagua ni dada wa Kireno aliyekuwa amekaa kimya ndani ya chombo chake anakula tufaha. Nilimchagua kwa sababu hiyo ya kimya. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa anahifadhi pumzi.

Ana shahada ya historia, Mjomba. Usicheke. Huku ukiwa na shahada ya historia unaendesha bajaji, na wewe dereva wako aliyekimbia darasa la sita unamlalamikia kwamba hana nidhamu.

Akasema euro 70 kwa saa. Nikamwuliza hiyo ni nauli au bei ya kuinunua. Fanya hesabu mwenyewe: ni kama laki mbili za kwetu, hesabu yako ya Kilwa Masoko ya siku kumi, kwa saa moja, na hapo hujambeba mgonjwa wala mzigo wa samaki. Nikamwambia mimi natoka Kilwa, na sisi watu wa Kilwa nauli tulishalipa.

"Mlilipa lini?"

"Mwaka 1502. Mithqali 1,500 za dhahabu. Naomba ikatwe humo."

Akaacha tufaha. Akaniangalia. Kisha akacheka sana, akasema atachukua 60. Kumi hiyo naomba muiandike kwenye daftari la kijiji kama marejesho ya kwanza.

Najua kuna vijana hapo wasiojua ninachozungumzia, kwa hiyo mwalimu mstaafu awaeleze, apate walau jambo moja la kushinda leo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi mara ya pili kwenye bahari yetu, safari hii na kundi la merikebu na mizinga, akatia nanga Kilwa, akamtishia Amiri Ibrahim kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi kila mwaka, mji utachomwa. Amiri akakubali. Waandishi wa Kireno wa enzi zile wanasimulia kwamba alimtoa tajiri mmoja wa mji, Muhammad Ankoni, awe dhamana merikebuni mpaka dhahabu ifike. Halafu dhahabu haikufika. Amiri hakuwa akimpenda Ankoni, na inaelekea hakuona ubaya wowote Wareno wakimmaliza. Ankoni akaona afadhali ajitoe mfukoni mwake mwenyewe. Mjomba, wewe uliyemdhamini mtu kwenye vikoba akahamia Lindi, nadhani ukimsoma Ankoni utamlilia.

Tukaondoka. Kwanza nijibu maswali yako ya ufundi, maana najua ndiyo unayoyangoja.

Ni ya umeme. Haina mlio. Ukisimama nyuma yake husikii chochote, na hilo ni hatari kwa mtu aliyezoea kuikwepa bajaji kwa masikio. Haina muziki wala maandishi ya mafumbo mgongoni. Viti vyake vinaelekeana, wanakaa sita bila mtu kupakatwa, na kila abiria ana mkanda. Naam, mkanda, ndani ya bajaji. Dereva alikataa kuondoka mpaka nijifunge. Pembeni kuna turubai la plastiki la kushusha mvua ikija, na chini ya kiti kuna mablanketi ya kuwafunika watalii baridi ikiwapata. Nikasema hapana, mimi mwanamume, halafu tukapanda mlimani na upepo wa mtoni ukaja, nikaomba mawili.

Kuhusu umiliki: chombo si chake. Ni cha tajiri mwenye vyombo kadhaa, naye anampelekea tajiri kiasi kile kile kila siku, iwe jua iwe mvua, vichwa vipatikane au visipatikane. Kinachobaki ndicho chake. Betri ikiisha njiani ni juu yake. Nilipomwambia kwamba hiyo kwetu inaitwa hesabu na kwamba mjomba wangu ni mmoja wa hao matajiri, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mjomba wangu ni mtu mzuri. Nikamwambia anasali swala tano. Akasema hilo silo alilouliza.

Tulianza kwa kuuzunguka uwanja wenyewe. Katikati yupo Mfalme Dom José wa shaba juu ya farasi, na nyuma yake lango kubwa la mawe la kuingilia mjini, lenye sanamu za wakubwa wao juu yake. Dereva akanyoosha kidole: mmoja wa wale ni Vasco da Gama. Sawa, nikasema, tumeonana. Sikujua kwamba siku ile nzima nitakuwa natembezwa nyumbani kwa mtu yule yule. Kuna daraja la Vasco da Gama, lililofunguliwa mwaka 1998, miaka mia tano baada ya safari yake ya kwanza. Kuna duka kubwa la Vasco da Gama ambamo nilinunua soksi. Kuna mnara wa Vasco da Gama. Ukipotea Lisbon ukauliza njia, lazima utaelekezwa kupitia kwake.

Huyo mfalme wa shaba, hata hivyo, nilimpenda. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ikatetemeka mji ukaanguka. Waliokimbilia mtoni kwenye uwazi wakakutwa na bahari inapanda. Walionusurika na bahari wakakutwa na moto ulioanzia kwenye mishumaa na majiko, ukawaka siku kadhaa. Kasri la mfalme lilikuwa hapo hapo uwanjani. Lilikwenda na maktaba yake yote. Dom José alipona kwa kuwa hakuwamo, lakini tangu siku ile akaiogopa nyumba ya mawe mpaka anakufa. Alihamia kilimani Ajuda, akakaa kwenye mahema na majumba ya mbao, mfalme mzima. Halafu wakamweka hapo milele, katikati ya mawe pande tatu.

Kazi ya kuujenga upya mji aliachiwa waziri wake, ambaye historia inamjua kwa cheo cha Marquês de Pombal. Alichora mitaa ikanyooka, na ndani ya kuta za nyumba wakaweka fremu za mbao ziyumbe bila kuanguka. Dereva alisema inasimuliwa kwamba walijenga mfano, kisha askari wakaamriwa kuuzunguka wakikanyaga kwa vishindo, ili waone kama utasimama. Aliyasema haya akiwa ameachia usukani kwa mkono mmoja, anaonyesha askari wanavyokanyaga. Nikamwomba arudishe mkono. Na hapa mwalimu akumbushwe kwamba wanapita upande wa kulia wa barabara. Mimi kila kona nilikuwa nasoma dua ya safari upya.

Kisha mlima. Mji huu wameujenga juu ya vilima, na mtaa wa zamani kabisa, Alfama, umebaki karibu kama ulivyokuwa kabla ya tetemeko, kwa sababu umekaa juu ya mwamba. Vichochoro vyake, Mjomba, ungejiona uko Mji Mkongwe wa Zanzibar aliouinamisha mtu upande mmoja. Nguo zimeanikwa madirishani, watu wanazungumza kutoka ghorofa hadi ghorofa, dagaa wanachomwa mlangoni. Barabara ni za vipande vya mawe meusi vilivyopangwa kimoja kimoja kwa mkono. Ni kazi nzuri sana kuitazama. Kuipita kwa bajaji ni jambo jingine: meno yaligongana, simu ikanitoka mfukoni, na dereva akaendelea na somo bila koma. Nilisikia karne ya kumi na mbili kwa vipande vipande.

Karne hiyo ya kumi na mbili ni muhimu, kwa kuwa mpaka mwaka 1147 mji ulikuwa wa Waislamu, kwa zaidi ya miaka mia nne, hadi Mfalme Afonso Henriques alipouzingira akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba waliokuwa wanapita njia kuelekea mashariki. Karibu na Santa Luzia, ukumbi wa kutazamia mto, kuna ukuta wa vigae vya buluu na vyeupe unaoonyesha siku hiyo, ngome inavamiwa, watu wa vilemba wanaanguka. Mbele yake alikuwepo bibi harusi anapigwa picha. Mpiga picha aliniomba nisogee kwa sababu nilikuwa naharibu mandhari. Nikasogea, nimetoka upande wa walioshindwa na sikutaka fujo.

Juu zaidi tukakwama. Njia ni ya tramu namba 28, ile ya manjano ya kizamani ambayo watalii huipanga foleni saa nzima, na mtu fulani alikuwa ameegesha gari kwa namna ambayo kioo chake cha pembeni kimeingia relini. Tramu haiwezi kukwepa. Ikasimama, dereva wake akawa anapiga kengele, nyuma ya tramu sisi, nyuma yetu bajaji nyingine nne, teksi na gari la taka. Nilimwambia dada yangu wa historia kwamba kwetu mtu angechomekea. Akasema hapa mtu anasubiri. Dirisha moja juu yetu likafunguka, akatokea bibi mmoja mwenye kanga ya jikoni mabegani, akaanza kuwashushia madereva wote wa bajaji maneno ambayo darasa langu la Kireno halijayafikia. Dereva wangu akainua uso, akajibu kwa adabu, "Samahani, bibi." Bibi akaongeza. Nikaambiwa kwamba huwa anatoka kila Jumapili, na kwamba haki anayo: zamani mtaa huu ulikuwa wa wavuvi na makuli, sasa nyumba zinageuzwa za kupangisha wageni kwa usiku, watoto wa mtaa wanahamia mbali, na sisi wenye magurudumu matatu ndio tunaowaleta hao wageni mpaka mlangoni. Nilijifunika blanketi la pili usoni.

Mwenye gari alitoka kwenye mkahawa, hana haraka, na kikombe chake mkononi. Wazee, hapo niliona kumbe binadamu ni mmoja.

Kileleni, panaitwa Senhora do Monte, unauona mji wote: mapaa mekundu, ngome, mto mpana unaong'aa, daraja jekundu. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar, dikteta aliyekuwepo. Wanajeshi walipopindua utawala aliouacha tarehe 25 Aprili 1974, jina likabadilishwa likawa tarehe yenyewe. Hayo mapinduzi yalifanywa kwa sehemu kubwa na maofisa vijana waliochoka kupigana Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Wazee wetu waliowapokea na kuwalisha wapigania uhuru wa Msumbiji pale Nachingwea wanaweza kudai mkono wao kwenye sherehe ya kila mwaka. Dereva alilikubali hili haraka, tena bila kujitetea, jambo ambalo lilinivunja nguvu kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kubishana.

Tukateremka, tukafuata mto kuelekea Belém, zilikokuwa zikiondokea merikebu. Njia ni tambarare, betri ikapumzika. Huko kuna mnara wa ngome ndani ya maji, uliojengwa kuanzia mwaka 1514, mzuri na mdogo kuliko picha zake. Kuna duka linalouza vitobosha vya maziwa na mayai tangu mwaka 1837, unanyunyizia mdalasini juu. Nilikula vitatu, nikamnunulia dereva viwili, na hiyo gharama sijaiingiza kwenye deni. Kuna pia mnara wa wavumbuzi wa mwaka 1960, wakubwa wote wamejipanga kwenye zege kama wanasubiri pantoni, na mbele yake, sakafuni, ramani kubwa ya dunia ya marumaru, zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya wakati ule, mnaijua ilikuwa ya watu gani. Pwani zimewekewa miaka ambayo Wareno walifika. Nilikwenda nikasimama kwenye pwani yetu kwa viatu vyangu vya kazini. Familia moja ilikuwa imetandika mkeka Bahari ya Hindi, wanakula sandwichi. Nikawasalimia kama mwenyeji.

Halafu tukaingia kwenye ile monasteri ya Jerónimos. Mimi si mtu wa kusifia majengo ya watu, lakini lile ni jengo. Nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu, matumbawe na vitu vya baharini, mpaka juu ambako shingo inauma. Dereva akanong'ona kwamba ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na fedha zilitoka kwenye kodi ya kama asilimia tano ya biashara ya Afrika na mashariki. Nikamnong'oneza kwamba basi hata mlango huu tuna tofali letu. Akasema, "Hapa matofali hakuna, ni mawe ya chokaa." Ndiyo shida ya kutembezwa na msomi.

Kaburi la Vasco liko mlangoni ukiingia, amelala chali, wa mawe, mikono ameikutanisha. Ubavuni wamemchongea jahazi. Yeye mwenyewe alifia Kochi, India, mwaka 1524, akazikwa huko, kisha mifupa ikarudishwa Ureno mashambani kwao. Mwaka 1880 serikali ikaamua ihamishiwe hapa kwa heshima zote, gwaride, maaskofu, wakubwa wa nchi. Ikaja kubainika kwamba walichukua mifupa siyo. Ilikuwa ya mtu mwingine wa ukoo. Yule mwenyewe ililazimu afuatwe tena, akaletwa mwaka 1898. Mjomba, mtu aliyeifikia Malindi bila simu wala ramani, wakashindwa kumpata ndani ya kaburi la familia yake! Nilicheka, mlinzi akanitolea macho. Nikasogea kwa Camões, mshairi wao mkubwa, amelala upande wa pili.

Hapo saa tulizopatana zilikuwa zimepita, na dereva hakuwa amesema lolote. Nikaogopa. Nimekulia kwenye bajaji, najua dereva akinyamaza kuhusu muda maana yake ni nini. Nikamwambia basi anirudishe kivukoni. Akasema, "Bado kitu kimoja. Na hiki utanieleza wewe." Akageuza, tukarudi kwa kufuata mto mpaka barabara ya Janelas Verdes, kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa za kale. Akaegesha, akachomeka chombo kwenye umeme, akaingia na mimi. Kiingilio alijilipia mwenyewe.

Kipo kwenye kabati la kioo peke yake. Ni chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waiabudu, urefu wake sentimita 73, dhahabu tupu na urembo wa rangi. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti wamekizunguka, kila mmoja na ndevu zake na uso wake. Juu yao vibanda na minara midogo midogo ya dhahabu iliyochongwa mpaka huamini kama ni mkono wa mtu. Chini kuna matufe sita, alama ya Mfalme Manuel. Fundi wake ni Gil Vicente. Na kwenye kitako yamezunguka maandishi, ambayo dereva aliyasoma taratibu akizunguka kabati, nami namfuata nyuma: kwamba mfalme Dom Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kilikamilika mwaka 1506.

Kilwa imeandikwa, Mjomba. Kwa herufi kubwa. Kijiji ambacho karani wa benki hapa alinilazimisha nikiandike mara mbili kisha akajaza "Nyingine".

Nilitaka niseme neno kubwa na halikuja. Nikasema, "Stakabadhi yetu hii." Dereva hakucheka mara hii. Akasema chombo hiki walikisoma darasani, kilitoka kwenye mtihani, hata hilo jina alilikariri. "Nilijua ni mahali," akasema. "Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu bado wanaishi."

Nikamwambia wapo, na baadhi yao wana bajaji.

Tulikaa pale kwenye benchi tukabishana kwa sauti ya chini, kwa faida. Yeye alisema mimi nimerahisisha, na nikubali alikuwa na hoja: dhahabu yenyewe hatukuichimba sisi, ilitoka bara nyuma ya Sofala, ikapita mikononi mwa watu wengi, na Kilwa tulikuwa wafanyabiashara wa katikati tuliotoza ushuru wetu bila huruma. Mimi nikasema kutoza ushuru bandarini kwako ni biashara, kuja na mizinga ni jambo jingine. Akasema hapo hapingi. Akaniuliza ikawaje kwa yule aliyewekwa dhamana. Nikamwambia mwaka 1505 Wareno walirudi na Francisco de Almeida, wakauteka mji, Amiri akakimbia, wakamvika Ankoni taji. Hakudumu, aliuawa muda si mrefu. Wareno wakajenga ngome, wakakaa, homa na hasara vikawachosha, mwaka 1512 wakaiacha. Akauliza sasa kuna nini pale. Nikamwambia kuna msikiti mkubwa wa mawe wenye kuba, kuna Husuni Kubwa juu ya jabali, kuna mbuzi, na watalii wachache wanaovuka kwa mashua. Hakuna tuk-tuk kisiwani. Akasema hilo ndilo jambo bora nililomwambia siku nzima.

Nikapiga hesabu mbele yake kwenye simu. Mithqali 1,500 ni zaidi ya kilo sita za dhahabu. Hiyo ni ya mwaka mmoja tu, na kabla ya riba, ambayo kwa kuwa ni haramu nimeiacha, ingawa mwalimu mstaafu atasema tuitafutie jina jingine. Tukagawa kwa euro 60 kwa saa. Matokeo yalikuwa ya kutosha kila mtu wa Masoko, na watoto wa mgongoni, kuzungushwa Lisbon, mablanketi yakiwemo. Dereva akasema betri haitatosha.

Alinifikisha kivukoni jua linazama. Nilimlipa saa zote, za ziada pia, kwa sababu hesabu ya tajiri wake haijui habari za 1502. Alitaka kukataa zile za ziada, tukavutana, mwisho akapokea nusu. Akanipa kadi yake. Akasema mtu yeyote wa Kilwa akifika Lisbon, ampigie, atampeleka kwenye makumbusho bure, kwenda na kurudi, kwa njia ya mtoni, bila milima.

Mtu mmoja kwa wakati, amesema. Nimelirudia hili kwa sababu nawafahamu. Najua sasa hivi dada akimaliza mstari huu, kuna mtu hapo barazani ataulizia bei ya pasipoti, na mwingine atauliza kama "mtu mmoja" anahesabiwa na mkewe. Kadi ninayo mimi. Namba siiandiki humu. Anayeitaka apitie kwa Mjomba, na Mjomba ataniambia ukweli kama mtu huyo ni wa Kilwa kweli au amejichanganya tu.

Mpwa wako,
Lisbon